Mvua ya Mnero

Saa tatu na dakika chache asubuhi, Jumanne moja ya mwezi Machi, Tunu Amri alikaa mbele ya kompyuta ofisini kwake Nachingwea akizikodolea macho namba mbili zilizokataa kupatana. Moja ilitoka angani, nyingine ilitoka Mnero. Ya angani ilisema vilima vya Mnero vilipata milimita kumi na nane za mvua usiku ule. Ya Mnero ilisema mia na thelathini na moja nukta nne.

Tunu alikuwa fundi sanifu wa maji, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Mkotokuyana. Kazi yake ilikuwa kukadiria mvua iliyonyesha kwenye bonde zima la mto Namitema, unaoanzia vilima vya Mnero na kuteremka mpaka upande wa Ruangwa. Kwenye karatasi, bonde lile lilikuwa na vipima mvua kumi na kimoja. Lakini kimoja kiliibwa kikawa kopo la kupimia karanga sokoni, viwili vilimezwa na nyasi, vingine vilikosa wasomaji, na mwisho wa yote vilibaki vitatu: cha uwanja wa ofisi, cha shuleni Mkotokuyana alichokisoma mwalimu Magreti, na cha Mnero nyumbani kwa Mzee Jonasi. Ilikuwa kama kuonja sufuria la pilau la harusi kwa punje tatu.

Palipokosekana kipima, walitegemea setilaiti. Na setilaiti haioni mvua. Inaona vichwa vya mawingu, inatazama vimepoa kiasi gani, kisha inabahatisha. Wingu refu lenye kichwa cha baridi kali huhesabiwa mvua nyingi hata kama ni tupu. Wingu fupi linalojikunja juu ya kilima na kumwaga maji usiku kucha, hilo huhesabiwa manyunyu. Tunu aliyajua hayo vizuri. Lakini alimjua pia Mzee Jonasi.

Miaka miwili nyuma, alipokuwa anapitia daftari za vituo, aliona kuwa kwa miezi minne mfululizo mvua ya Mnero iliishia na sifuri au na tano: kumi, kumi na tano, tano, ishirini. Mvua ya Mungu haina adabu hiyo. Alipanda pikipiki mpaka Mnero, akamkuta mzee barazani na majirani zake, na pale pale mbele za watu akamwambia, "Mzee, unatupikia namba. Ulichopima ndicho unachoandika. Usichopima, acha." Mzee Jonasi, Mmakua mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya zahanati, aliinamisha kichwa. Tunu aliandika barua ya kukifuta kituo kile. Kesho yake saa tatu asubuhi, ujumbe wa mzee ukaingia kwenye simu yake kama kawaida. Na kesho kutwa. Miaka miwili ulikuwa unaingia karibu kila siku, naye Tunu hakuwahi kuingiza hata mmoja kwenye hesabu.

Leo mzee hakuridhika na ujumbe. Alipiga.

"Binti, umeipata namba yangu?"

"Shikamoo, Mzee Jonasi. Nimeipata."

"Marahaba. Basi ifanyie kazi."

"Mzee, hapa mjini nimepima milimita tisa. Mkotokuyana wamepima nne. Setilaiti inasema hapo kwako ni kumi na nane. Hiyo mia na thelathini umeipataje?"

Upande wa pili Tunu alisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye bati.

"Unaniuliza kama mwizi wa kuku," mzee alisema.

"Nakuuliza kama mtu wa kazi. Nieleze ulivyopima."

"Nimefungua kipima, nimekuta chupa ya ndani imejaa pomoni. Maji yamefurika yakaingia kwenye kopo la nje. Nimemimina kwenye silinda ya kupimia. Mara kumi na tatu imejaa kumi kumi. Ya kumi na nne ikawa moja nukta nne."

"Na kopo la nje lilikuwa limejaa kiasi gani?"

"Mpaka ukingoni. Nilipofika lilikuwa linamwagika."

"Kwa hiyo mvua yenyewe ilizidi hapo."

"Ilizidi, lakini kwa kiasi gani sijui. Iliyomwagika sikuipima. Siwezi kuiandika."

Mpishi wa namba huongeza chumvi. Hakuna mpishi anayekataa kuandika mvua aliyoiona kwa macho yake ikimwagika chini.

"Ilianza saa ngapi, baba?" Neno hilo la baba lilimtoka Tunu bila kulipanga.

"Nilikuwa macho tangu saa nane za usiku. Imekatika alfajiri. Na hilo karavati la barabara huku bondeni halionekani kwa maji, binti. Sijawahi kuona. Ndiyo maana nime..."

Simu ilikatika. Alipiga tena mara tatu, akajibiwa kuwa namba haipatikani.

Tunu alivuta karatasi. Desturi ya kazi yao ni kuligawa bonde, kila kipima kikapewa eneo lililo karibu nacho kuliko vingine vyote. Eneo la Mnero peke yake lilikuwa sehemu tatu kati ya tano za ardhi yote inayoulisha mto Namitema. Kwa namba ya setilaiti, wastani wa mvua ulikuwa milimita kumi na tatu hivi, na mto ungepanda kidogo, watu wakunje suruali wavuke. Namba ya Mzee Jonasi ikiingia, wastani ulikuwa zaidi ya themanini. Alirudia hesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile.

Maana chini kabisa, karibu na Nandagala, mto Namitema unagawanyika. Kuna mto wenyewe, na kuna mkondo wa kale uliokauka, ambao wenyeji wanauita Mkono Mkavu. Katikati ya mikono hiyo miwili pana ardhi nyeusi yenye rutuba inayoitwa Kati ya Mito, na mwezi wa tatu mpunga wake unakuwa umeanza kuingiza maziwa. Wakati huo watu hushinda shambani kutwa nzima wakiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Ukiacha jaruba lako la mpunga asubuhi moja tu, ndege hao, kwelea, wanakuachia mabua.

Alimpigia mkuu wake, Bwana Eliudi, aliyekuwa makao makuu ya bonde. Eliudi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kituo cha Mnero si kilifutwa?"

"Kilifutwa. Barua niliandika mimi."

"Sasa?"

"Sasa nasema hicho nilichokifuta ndicho chenye namba ya kweli leo."

"Tunu, mwaka jana setilaiti ilitudanganya, tukawatoa watu Nandagala, na mto haukupanda hata shubiri. Tulitukanwa mpaka kwenye mikutano. Leo setilaiti inasema hakuna kitu, unataka tuwatoe tena kwa maneno ya mzee uliyemkamata mwenyewe akitunga namba?"

"Ndiyo, bosi."

"Subiri picha ya saa sita."

"Saa sita maji yatakuwa njiani."

"Tahadhari rasmi sitoi. Ila sijakukataza kwenda kukagua mto."

Alimpigia mtendaji wa kijiji, Bakary. Huyo alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Dada mtaalamu! Mwaka jana ulituma ujumbe, tukatoka, ndege wakakaa karamu. Mwaka huu tena? Kama una neno, njoo uliseme kwa mdomo wako, siyo kwa simu."

Basi Tunu alivaa koti la mvua, akakanyaga pikipiki ya ofisi. Njia ilikuwa tope la utelezi, mara mbili alianguka, na mara ya pili kioo cha pikipiki kilivunjika na goti likachubuka. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu kichwani. Kutoka Mnero mpaka Nandagala, kwa kuufuata mto, ni kama kilomita arobaini na tano. Maji ya mafuriko yanakwenda kasi ya mtu anayekimbia kidogokidogo. Kama mto kule juu ulijaa saa moja asubuhi, Nandagala yangefika saa saba. Lakini kasi ile aliitoa kwenye kitabu, siyo kwenye mto Namitema, ambao hakuna mtu aliyewahi kuupima.

Alifika saa tano na nusu. Jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe safi. Bakary alimsubiri ukingoni, juu ya pale mto unapogawanyika, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limechomekewa, baiskeli imeegemea mwembe. Alinyoosha kidole kuelekea mtoni. Maji yalikuwa ya vifundoni, maangavu, changarawe zinaonekana.

"Hayo ndiyo mafuriko?" aliuliza.

"Bado yako njiani, kaka."

Walivuka Mkono Mkavu, mchanga mtupu wenye nyayo za mbuzi, wakaingia Kati ya Mito. Watu thelathini na wanane walikuwa mashambani siku hiyo. Bakary aliwajua wote kwa majina. Kila jaruba lilikuwa na mtu wake anayepiga kelele, anayerusha udongo kwa teo, anayetikisa kamba zenye makopo. Aliwaita wakakusanyika, na nyuso zao zilimwambia Tunu kwamba walishamjua ni nani.

Mama mmoja hakushuka. Alikuwa juu ya dungu lake, kibanda cha miti kilichoegemezwa kwenye mkuyu, kamba za makopo zimezungushwa kwenye kiganja chake. Alikuwa Mwanamvua, shangazi yake Bakary, mtu wa miaka sitini na ushei.

"Mwanangu," alisema kutoka huko huko juu, "mto huu mimi nimezaliwa nao. Ukija na maji mengi unakuja na ngurumo. Unasikia ngurumo?"

"Sisikii, mama. Lakini Mnero imenyesha mvua ambayo kipima chake kilishindwa kuibeba. Maji yote hayo hayana njia nyingine, ni hii tu."

"Mnero," mwanamume mmoja alisema, "hata wingu hatukuliona upande huo."

"Wala setilaiti haikuliona," Tunu alijibu. Akajilaumu, maana baadhi yao walicheka.

"Yanafika saa ngapi?" Mwanamvua aliuliza.

Macho yote yalikuwa kwake. Alitaka kusema ukweli, kwamba inaweza kuwa saa sita au saa kumi, kwamba ana punje tatu tu za kuonjea sufuria lote hili. Lakini aliwatazama, akaona kuwa watu hawa hawataacha mpunga wao kwa ajili ya labda.

"Saa saba," alisema.

Walinong'onezana kwa Kimwera. Mwishowe Bakary aliamua: watatoka mpaka ng'ambo ya Mkono Mkavu, kwenye mwinuko, na watakaa huko mpaka saa nane. Saa nane ikipita watarudi, na asisikie tena habari ya mafuriko kutoka kwa mtu wa ofisi. Mwanamvua alishuka wa mwisho, ngazi ikilia chini ya miguu yake.

Hapakuwa na kazi ngumu kama ile ya kukaa juu ya mwinuko. Walipoondoka tu, kwelea walitua. Walikuja kama shuka linalotandikwa, wakainama juu ya mpunga wote kwa pamoja, na hata kutoka kule ng'ambo ulisikika mchakacho wa midomo yao. Mwanamke mmoja alianza kulia kimyakimya. Wanaume walirusha mawe yasiyofika. Hakuna aliyemtukana Tunu, na hilo lilimwumiza kuliko matusi.

Saa sita. Saa sita na nusu. Saa saba ilifika, watu wakamtazama. Mto ulikuwa vile vile, unang'aa kwa jua. Tunu alivuka Mkono Mkavu, akapita mashambani mpaka majini, akachomeka kijiti ukingoni. Robo saa baadaye maji yalikuwa pale pale kwenye kijiti. Simu ililia: ujumbe wa Eliudi. "Picha ya saa sita haina wingu lolote. Rudi ofisini tusiendelee kuaibika."

Saa saba na nusu alianza kujiuliza kama mzee wa Mnero alimlipizia kisasi. Miaka miwili ni muda wa kutosha kwa mtu kutunga hadithi nzuri, yenye chupa iliyofurika na kopo la nje. Aliona aibu kwa wazo hilo, na bado halikumtoka.

Saa nane kamili Mwanamvua alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Mimi nakwenda kuokoa masazo," alisema. Hakuna aliyemzuia. Watu kumi wengine wakamfuata.

"Kaka Bakary, waambie wasubiri kidogo."

"Mpaka lini?" Bakary alimgeukia, sauti imepasuka. "Ulisema saa saba! Mimi ndiye nitakayebaki nao hapa, siyo wewe. Mwaka jana nilikuwa mjinga wa serikali. Mwaka huu umenifanya tena."

Tunu aliwaacha, akapanda kwa miguu kuufuata Mkono Mkavu kuelekea juu, kwa sababu hakuweza kukaa wakimtazama. Alikwenda kama hatua mia tatu, mpaka kwenye kona yenye matete. Hapo aliona mchanga umebadilika rangi. Ulikuwa mweupe, sasa ulikuwa wa kahawia, na rangi ile ilikuwa inatambaa kumjia.

Kisha akayaona. Hayakuwa na ngurumo. Ulikuwa ulimi wa maji mazito, kina cha kiganja, umebeba mbele yake povu, majani makavu, vijiti na panya wawili wanaokimbia. Nyuma ya ulimi ule matete yalikuwa yanalala moja moja. Mto ulikuwa umevunja ukingo kule juu na kuingia kwenye njia yake ya zamani. Usingewajia kutoka mbele walikokuwa wanautazama. Ulikuwa unawazunguka kwa nyuma.

Aligeuka akakimbia. "Tokeni! Maji! Mkono Mkavu umejaa! Tokeni!"

Bakary alimwona anavyokimbia, na hakungoja kusikia. Alitupa viatu, akaruka kwenye mchanga, akavuka, akaanza kuita majina. Aliyaita yote kumi na moja, moja baada ya jingine. Watu walitoka kwenye mpunga wakikimbia. Watatu wa kwanza walivuka maji yakiwa magotini. Wanne waliofuata, kiunoni, wameshikana mikono. Watatu wa mwisho, wanaume, walivutwa kwa kitenge kilichosokotwa, na mmoja alipoteza mwelekeo akabebwa hatua ishirini kabla hajanasa kwenye mzizi.

"Shangazi!" Bakary alipiga kelele akiwa bado ng'ambo ile. "Shangazi Mwanamvua!"

Dungu lake lilikuwa mwisho kabisa, upande wa mto. Walimwona mgongo. Alikuwa anatikisa kamba zake kwa nguvu zote, na makopo yake yote yalikuwa yanalia. Kelele alizopiga kufukuza ndege ndizo zilizomziba masikio.

Bakary alitaka kumkimbilia. Tunu aliona mto wenyewe sasa, ule wa mbele, umevimba na kupanda juu ya kingo, rangi ya chai ya maziwa, ukikutana na maji ya nyuma katikati ya mpunga. "Rudi!" alimwambia. "Ukienda mtakuwa wawili!" Bakary alisimama, maji yakimfika mapajani, akitazama huku na kule kama mnyama aliyezingirwa. Kisha alirudi, wakamvuta.

Mwanamvua aligeuka wakati maji yameshapita chini ya dungu lake. Hakupiga kelele. Alisimama akatazama, akaziachia kamba, akafunga mtandio wake kichwani kwa fundo. Dungu lilianza kutikisika. Aliushika mkuyu, akaupandisha mguu mmoja, wa pili ukateleza, akaupandisha tena. Alipofika kwenye tawi la kwanza, dungu liliinama taratibu kama ng'ombe anayelala, likaenda na maji.

"Nakwenda," Bakary alisema. Walikuwa wameshaunganisha kamba za mbuzi na mipira ya kufungia mizigo ya pikipiki. "Yatapanda mpaka saa ngapi? Niambie wewe unayejua."

Tunu alifungua mdomo kutaja saa, akaufunga. "Sijui," alisema. "Huenda yakapanda saa moja zaidi, huenda tatu. Ninachojua, mvua ilikatika alfajiri, kwa hiyo kuna mahali maji haya yanaishia. Na mkuyu ule una mizizi. Wewe huna."

Bakary alimtazama muda mrefu. Kisha akakaa chini na kamba yake mapajani.

Walisubiri. Magogo yalipita, kuku wa mtu, mlango mzima na kitasa chake. Mara mbili mkuyu ulitikisika hadi majani yakapukutika, na mara zote mbili Bakary alisimama, akakaa tena. Tunu alichomeka kijiti kwenye ukingo mpya, akakitazama kama mgonjwa anavyotazamwa. Maji yalikipita. Akachomeka kingine. Yakakipita. Cha tatu hayakukipita. Saa kumi na dakika ishirini kijiti cha tatu kilianza kuonyesha tope bichi chini yake, upana wa kidole. Hapo ndipo simu yake ilipoita, Eliudi akisema kwa haraka kwamba mto umekata barabara huko juu, na kwamba tahadhari rasmi imeshatolewa. Tunu alimwambia asante, akakata.

Saa kumi na moja na nusu wanaume wanne walivuka na kamba, maji yakiwafika vifuani, wakamshusha Mwanamvua. Miguu ilikuwa imemfa ganzi. Walimkalisha juu ya mwinuko, wakamfunika kanga tatu, akawa anatetemeka meno yakigongana. Tunu alipiga magoti mbele yake.

"Ulisema saa saba," Mwanamvua alisema.

"Nilikosea, mama. Sikuwa na hakika."

"Ungesema huna hakika, ningekaa hapa juu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatazama pale palipokuwa na mpunga, ambapo sasa palikuwa na tope tupu linalong'aa. "Mimi mkulima. Yasiyo na hakika nimeishi nayo maisha yangu yote."

Mpunga wote ulikwenda. Hilo halikuokolewa na mtu. Lakini Bakary alipoita majina jioni ile kabla ya magharibi, watu thelathini na wanane waliitikia, na jina la shangazi yake aliliita mara mbili.

Jumapili iliyofuata Tunu alikwenda Mnero. Alimkuta Mzee Jonasi nyuma ya nyumba, anafyeka majani kuzunguka kipima. Mzee alimwona, akaendelea kufyeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watu wa huko chini?"

"Wote wako hai."

Panga lilisimama. Mzee alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akafuta uso kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Tunu, aliyekuwa ameandaa maneno njiani, aliyasema yote yakiwa yamevurugika: kwamba alimwaibisha mbele za watu bila kumwuliza, kwamba miaka miwili amezitupa namba zake, kwamba amekuja kuomba radhi na kukirudisha kituo.

"Namba za ile miezi minne zilikuwa za uongo," mzee alisema. "Hukunisingizia. Mke wangu alikuwa amelazwa, nilikuwa naye hospitali. Niliogopa kuacha nafasi wazi mkasema nimeacha kazi." Alilaza panga miguuni. "Lakini pale barazani alikuwepo mkwe wangu. Hilo bado linaniuma. Usidhani limekwisha kwa sababu umekuja."

"Sidhani."

"Haya. Kaa, usisimame kama askari."

Aliingia ndani, akatoka na daftari mbili za shule zilizofungwa kwa nailoni. Miaka miwili, siku kwa siku, kwa mwandiko wa wino wa buluu. Tunu alianza kupiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu: sifuri, sifuri, tatu nukta mbili, kumi na saba nukta tisa, sifuri. Jua lilisogea mpaka likafika miguuni mwao. Katikati ya daftari la kwanza, mwezi wa sita, alikuta siku tisa ambazo hazikuwa na namba. Mbele ya kila siku mzee alikuwa ameandika neno moja, "Sikupima." Siku ya kumi aliandika, "Sikupima. Tumerudi kutoka makaburini." Ya kumi na moja, "Sifuri."

Tunu alitoa fomu ya ofisi na kalamu, akaanza kunakili. Alipofika kwenye siku zile, aliziandika kama mzee alivyoziandika.